Vinili au mpira? Namna ya kuchagua na kutandika sakafu mpya, hatua kwa hatua

Swali huja kwa maneno yale yale: "Nakarabati nyumba, niweke vinili au mpira?" Halafu hufuata picha ya sampuli tatu za rangi ya mbao na ombi la kuchaguliwa iliyo nzuri zaidi. Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoingia chumba ambacho sijawahi kukiona.

Msimamo wangu ni huu: rangi iwe ya mwisho. Sakafu hizi huharibiwa na kilicho chini yake, yaani unyevu, mabonde na punje za mchanga, au na kinachofanyika juu yake kila siku, kama mafuta, jua, miguu ya kabati na maji yanayotuama. Ukishayajua hayo mawili, utakuta uamuzi umekwisha kufanyika kabla hujagusa sampuli hata moja.

Nadharia kidogo tu, kisha tuingie kazini. Vinili ni plastiki ya PVC iliyolainishwa. PVC yenyewe ni ngumu na huvunjika kirahisi. Mkemia Waldo Semon, akiwa kwenye kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani, alipata mwaka 1926 njia ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika maalumu. Vilainishi vya namna hiyo bado vimo ndani ya vinili laini unayokanyaga leo, na ndiyo sababu ya doa moja baya ambalo nitalieleza mbele. Mpira wa sakafu, kwa upande wake, unaweza kuwa wa asili, wa kiwandani, au wa matairi ya zamani yaliyosagwa na kugandishwa upya. Una mnyumbuko, hauumizi miguu na humeza kelele. Adui yake mkubwa ni mafuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa kupima na kukagua: futi kamba, pima maji, rula ya chuma iliyonyooka ya mita 2 (au ubao ulionyooka kweli), kamba ya chaki, penseli, karatasi ya nailoni ya sm 50 kwa 50 na tepu pana.

Kwa kutandika: kisu chenye wembe wa kubadilishwa pamoja na nyembe nyingi za akiba, msumeno mdogo, nyundo ya mpira, kipande cha mbao cha kugongea, kabari za kuacha nafasi ukutani, mwiko wenye meno kama utatumia gundi, na rola nzito ya kukandamizia. Rola za kazi hii huwa na uzito wa kilo 45 hivi. Azima au kodi, hakuna haja ya kununua kwa chumba kimoja. Ongeza vikinga magoti. Saa ya pili ya kupiga magoti juu ya zege utaelewa kwa nini.

Hatua ya 1: Kisome chumba

Simama mlangoni ujiulize mambo manne, na uyaandike.

Maji yanafika wapi, na yanakaa muda gani? Bafuni na chumba cha kufulia maji hayarushiki tu, hutuama. Hapo napendelea vinili ya jora, ile inayokatwa kwa mita na ambayo wengi huiita mkeka wa plastiki au mkeka wa mbao. Chumba kidogo hufunikwa na kipande kimoja kisicho na kiungo, na maji hayana pa kupenya isipokuwa pembeni, ambako utaziba kwa silikoni. Vipande vya vinili vya kuchomekana, vinavyoshikana kwa ulimi na mfereji bila gundi, huuzwa kwa maneno "haviingii maji", na ni kweli kwamba kipande chenyewe hakivimbi. Lakini maji yakipita kwenye viungo au pembeni yatakaa chini yake, gizani, bila hewa, na kuvu itaota. Kipande kitabaki kizima huku chumba kinanuka.

Mafuta yapo? Jikoni yapo hata kama wewe ni msafi kupindukia. Mpira wa kawaida ukinyonya mafuta huvimba, hulainika na kubaki na kivuli kisichotoka. Jikoni weka vinili. Gereji vilevile mpira wa kawaida haufai iwapo oili na petroli hudondoka, na vinili nayo hupata madoa ya kudumu pale matairi ya gari yanaposimama. Kwa gereji tafuta kitu kingine kabisa.

Uzito na mshindo vikoje? Chumba cha mazoezi, chumba cha watoto wanaoruka, mahali pa mashine ya kufulia inayotikisika pasipotuama maji, au pale unaposimama saa nyingi ukifanya kazi: hapo mpira unatawala. Chuma kikiangushwa juu ya vinili ngumu, kiungo hupasuka au tundu hubaki. Juu ya mpira wa mm 8 au 10 hudunda kidogo na mambo yakaisha.

Jua linaingiaje? Mlango mpana wa kioo unaopigwa na jua la mchana ni mtihani kwa nyenzo zote mbili. Rangi hupauka, na vinili hutanuka kwa joto. Ukitaka vinili hapo, chagua ya kugundishwa moja kwa moja badala ya inayoelea, yaani inayolala bila gundi, na uweke pazia. Kama sakafu ina mfumo wa kupasha joto chini yake, soma maelekezo ya kiwanda: vinili nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 27 za Selsiasi.

Sebule na vyumba vya kulala huwa havina ugomvi. Karibu vinili yoyote nzuri itafaa, na mpira pia unawezekana ukipenda utulivu wake, ingawa wengi hawaupendi sura.

Hatua ya 2: Ikague sakafu iliyopo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Anza na unyevu. Bandika ile karatasi ya nailoni juu ya zege, uizibe pande zote nne kwa tepu pasiwe na upenyo, uiache usiku mzima hadi saa 24. Ukiifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi kuliko lilivyo jirani, unyevu unapanda. Usitandike. Kipimo hiki ni cha kukuonya tu. Zege linaweza kupita hapa na bado likawa na unyevu ndani, kwa hiyo kwa sakafu ya kugundishwa tafuta mtu mwenye kifaa cha kupimia unyevu ndani ya zege. Zege jipya huhitaji subira: hesabu ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila sm 2.5 za unene. Zege la sm 10, basi, miezi 4 hivi, na zaidi kama hewa haipiti.

Kisha usawa. Weka rula ya mita 2 juu ya sakafu, uizungushe kama mshale wa saa, na uchungulie mwanga chini yake. Viwanda vingi huruhusu tofauti isiyozidi mm 3 ndani ya mita 2. Bonde likizidi hapo, vipande vya kuchomekana vitatitia kila ukikanyaga, na siku moja ulimi wa kiungo utakatika. Vilima visugue vishuke. Mabonde yajaze kwa saruji ya kujisawazisha.

Juu ya marumaru za zamani inawezekana kutandika, ikiwa zimeshika imara na hakuna inayotoa sauti ya utupu ukiigonga. Ila mistari ya grauti, ile iliyo kati ya marumaru, lazima ijazwe na kusawazishwa, hasa kwa vinili nyembamba ya jora. Usipoijaza, baada ya miezi michache utaiona yote imejichora juu, kama mbavu.

Tahadhari kubwa: nyumba ya zamani yenye vigae vya plastiki vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, hasa vile vidogo vya sm 23 kwa 23, au yenye gundi nyeusi kama lami, inaweza kuwa na asbesto. Usivikwangue, usivisage, usivivunje. Vumbi lake huharibu mapafu na hutalihisi siku hiyo. Mwite mtaalamu apime sampuli. Mara nyingi vigae hivyo vikiwa vizima, njia salama ni kuvifunika bila kuvigusa.

Hatua ya 3: Chagua aina, kisha usome boksi

Ukishaamua vinili, una njia nne. Jora, kwa maeneo ya maji na kwa anayetaka gharama iwe chini. Vipande vya kugundishwa, kwa vyumba vikubwa, sehemu za jua na mahali penye samani nzito. Vipande vya kuchomekana, vinavyoelea bila gundi, kwa anayetandika mwenyewe mara ya kwanza. Ndani ya hivi, vyenye alama ya SPC vina kiini kigumu cha unga wa mawe ya chokaa na plastiki, havitanuki sana na hustahimili mikandamizo. Mwisho kuna vile vya kubandua karatasi na kubandika. Hivi huvipendekeza kwa kona ndogo au kwa mpangaji wa muda mfupi tu, kwa sababu gundi yake ni nyepesi na kingo huanza kukunjamana.

Namba muhimu kwenye boksi ni unene wa tabaka la kinga, lile la juu lisilo na rangi. Unene wa kipande kizima ndio unaotangazwa kwa herufi kubwa, lakini tabaka la kinga ndilo linaloamua utakaa na sakafu hiyo muda gani. Kwa nyumba ya kawaida usishuke chini ya mm 0.3. Kwa nyumba yenye watoto, mbwa au wageni wengi, tafuta mm 0.5. Kwenye bidhaa zilizopimwa kwa viwango vya Ulaya utaona pia daraja la matumizi: 21 hadi 23 ni la majumbani, 31 hadi 34 ni la maofisini na madukani. Daraja 23 linatosha nyumba yenye pilikapilika.

Kwa mpira, unene ndio kila kitu. Mm 3 hadi 5 kwa chumba cha kawaida au cha kufulia, mm 8 hadi 10 kwa mazoezi ya vyuma. Huja kwa majora yenye upana wa karibu mita 1.2, au vigae vya kufungamana vyenye meno pembeni. Kumbuka uzito: mpira wa mm 8 hufikia takriban kilo 8 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jora la mita 10 linakaribia kilo 100. Usijaribu kulipandisha ngazi peke yako.

Na harufu. Mpira wa matairi yaliyosagwa hunuka, na ndani ya chumba kidogo cha kulala hilo si jambo la kupuuza. Kwa vinili, uliza kuhusu vilainishi vya jamii ya fthalati. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2020 umezuia 4 kati ya hivyo (DEHP, DBP, BBP na DIBP) visizidi asilimia 0.1 katika bidhaa nyingi. Alama kama FloorScore au GREENGUARD zinamaanisha bidhaa imepimwa mvuke wake wa kikemikali. Nyumba ikiwa na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu, nisingenunua isiyo na alama ya namna hiyo.

Hatua ya 4: Itese sampuli

Sasa ndiyo zamu ya rangi. Chukua sampuli 2 au 3 nyumbani, uzilaze chini sakafuni, maana mwanga unaogonga sakafu si ule unaogonga ukuta. Ziangalie asubuhi, adhuhuri na usiku kwa taa. Halafu uzitese: kwaruza kwa funguo, mwagia maji na ukanyage kwa mguu mtupu uone utelezi, simamisha mguu wa kiti juu yake usiku kucha uone kama bonde linarudi. Kwenye mpira, dondoshea tone la mafuta ya kula, ulifute kesho yake. Sampuli itakayobaki na doa imekupa jibu.

Hatua ya 5: Pima na uagize

Chukua chumba cha mita 4.2 kwa 3.48. Eneo ni mita za mraba 14.62. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea kwenye kukata, unapata 16.08. Boksi likiwa na mita 2.2 za mraba, unahitaji 7.3, yaani maboksi 8. Mtindo wa mshazari au wa mfupa wa samaki hula zaidi. Ongeza asilimia 15.

Hakikisha maboksi yote yana namba moja ya toleo la kiwandani. Rangi ya toleo moja na jingine hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana mara tu unapoiweka ubavu kwa ubavu. Mabaki usiyatupe, siku kipande kitakapoharibika, mabaki hayo ndiyo yatakayokuokoa.

Kwa jora, chora chumba na uone kama upana wa jora (2, 3 au 4 mita ni kawaida) unameza chumba chote. Katika mfano wetu jora la mita 4 halihitaji kiungo. La mita 2 linahitaji, na ningelipa zaidi kukikwepa kiungo hicho.

Hatua ya 6: Andaa

Ng'oa mbao za chini ya ukuta kwa upole kama utazirudisha. Kata chini ya fremu za milango: laza kipande cha sakafu mpya sakafuni, uweke msumeno juu yake kama kipimo, ukate fremu. Sakafu itaingia chini na hutahangaika kukata umbo la fremu.

Kisha fagia. Fyonza vumbi. Fagia tena. Naandika hivi kwa sababu nimewahi kutandika jora la vinili katika chumba nilichoamini ni kisafi, na jioni taa ilipowashwa pembeni nikaona kijipele kimoja katikati, kama kipele cha mbu. Ilikuwa punje moja ya mchanga. Nilijaribu kuikandamiza kwa kidole, ikazidi kujitokeza. Tangu siku hiyo napitisha kiganja sakafuni chumba kizima kabla ya kufungua jora, kwa sababu kiganja huhisi kisichoonekana.

Hatua ya 7: Ziache nyenzo zizoee chumba

Weka maboksi au jora ndani ya chumba chenyewe kwa saa 48, katika joto la kawaida la kuishi. Maboksi yalale bapa. Jora la mpira likunjue, uliache saa 24 kabla ya kulikata. Lilivutwa kiwandani wakati wa kuviringishwa na linapolegea hufupika. Ukilikata mara moja, kesho utakuta pengo mwisho wa chumba.

Hatua ya 8: Tandika

*Vipande vya kuchomekana.* Kokotoa safu kabla ya kuweka ya kwanza. Katika chumba chetu upana ni mm 3480. Toa mm 8 za nafasi kila upande, inabaki 3464. Kipande kikiwa na upana wa mm 180, safu 19 kamili huchukua 3420 na inabaki mm 44, ukanda mwembamba unaovunjika na kutia aibu. Kwa hiyo chukua 44, ongeza 180, gawanya kwa 2: safu ya kwanza na ya mwisho ziwe mm 112 kila moja, na katikati safu 18 kamili.

Anzia kwenye ukuta ulionyooka zaidi, weka kabari, ulimi wa kiungo ukiwa umekatwa upande wa ukuta. Changanya vipande kutoka maboksi matatu au manne ili michoro isijirudie. Viungo vya vichwa vipishane angalau sm 20, vikae kama matofali. Gonga kwa kipande cha mbao katikati, kamwe usigonge kipande chenyewe. Kikigoma kuingia, usiongeze nguvu. Kitoe, angalia kama kuna chembe ndani ya mfereji, urudie.

Tahadhari: kama kipande kina tandiko laini mgongoni, usiongeze jingine chini yake. Wengi hudhani wanaongeza ulaini, kumbe wanaviachia viungo vicheze hadi vikatike. Pia usiweke makabati ya jikoni yasiyohamishika juu ya sakafu inayoelea. Uzito huo huipigilia mahali pamoja, na ikitanuka itainukia kwingine.

*Jora la vinili.* Likate likiwa na ziada ya sm 5 hadi 8 kila upande. Litandaze chumbani, kunja nusu moja, paka gundi kwa mwiko wenye meno ya ukubwa ulioandikwa kwenye kopo, subiri muda ulioelekezwa, kisha lirudishe taratibu ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Rudia nusu ya pili. Piga rola pande zote mbili. Ziada ikate mwisho, kwa wembe mpya, ukikandamiza kona kwa ukingo wa rula.

Kama kiungo hakikwepeki, pandanisha vipande viwili kwa sm 3 hivi, ukihakikisha michoro inaoana, ukate vyote viwili kwa mkato mmoja juu ya rula ya chuma. Ondoa vibanzi, kingo zitakaa uso kwa uso. Ziba kwa dawa ya kuunganisha viungo vya vinili.

*Mpira.* Kata kwa mikato mingi myepesi badala ya mmoja wa nguvu. Pitisha wembe mara ya kwanza kama unachora, kisha kunja mpira kwenye mstari huo ili ufunguke, na upitishe tena ndani ya upenyo. Utasikia wembe ukianza kuvutwa na kukwama. Hapo umeshakuwa butu, ubadilishe. Wembe butu huteleza, na hufuata vidole. Vigae vya kufungamana na majora mazito ya chumba cha mazoezi huweza kulala bila gundi. Chumba cha kufulia gundisha, kwa gundi iliyotajwa na mtengenezaji wa mpira huo, siyo iliyobaki kwenye vinili.

Hatua ya 9: Siku za kwanza

Sakafu ya gundi isikanyagwe na samani nzito kwa saa 24 hadi 72, kulingana na kopo. Weka vitambaa vya sufi chini ya miguu ya viti na meza.

Na sasa lile doa. Usiweke kamwe zulia au mkeka wenye mgongo wa mpira juu ya vinili, wala magurudumu au vifuniko vya mpira kwenye miguu ya samani. Kemikali za kulinda mpira usizeeke huhamia ndani ya vinili na kuacha rangi ya manjano au kahawia. Niliwahi kuinua mkeka wa bafuni uliokaa miezi kadhaa, na chini yake mlikuwa na mstatili wa manjano wenye pembe kamili. Nilijaribu sabuni, siki, soda. Haukutoka hata kidogo, kwa sababu doa haliko juu ya vinili, liko ndani yake. Kwa hiyo pia usitandike mpira juu ya vinili unayotarajia kuitumia tena siku moja.

Usafi ni maji kidogo na sabuni isiyo kali, kwa zote mbili. Klorini kali, nta na mashine ya mvuke viache. Mpira usiupake dawa ya kung'arisha yenye mafuta.

Ukikwama

Vinili ya jora ina puto: kama gundi bado ni mbichi, piga rola kuelekea ukingoni. Ikishakauka, chana mkato mdogo kufuata mstari wa mchoro, ingiza gundi kwa bomba la sindano, kandamiza, weka kitu kizito saa 24. Puto zikiwa nyingi na zinarudi, usihangaike na gundi. Una tatizo la unyevu, rudi hatua ya 2.

Viungo vya vipande vimeinuka kama paa: sakafu haina pa kutanukia. Toa mbao za chini ya ukuta, tafuta mahali inapogusa ukuta, fremu au bomba, na ukate nafasi. Mara nyingi hushuka yenyewe ndani ya siku chache.

Mapengo yamefunguka vichwani: gonga safu irudi kutoka upande wa mwisho. Yakirudi tena, angalia kama samani nzito imeibana sakafu upande mmoja.

Sakafu inatitia na kulia ukikanyaga: kuna bonde chini. Hakuna dawa ya juu juu. Fungua safu hadi hapo, jaza, rudisha. Hapo ndipo utafurahi ulichagua vya kuchomekana.

Mpira una utando mweupe kama unga: ni nta yake inayojitokeza juu, na haiharibu kitu. Sugua kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, suuza. Huenda ikarudi mara moja au mbili.

Harufu ya mpira haiishi: uoshe kwa sabuni laini, fungua madirisha, pitisha feni wiki mbili au tatu. Harufu ikibaki nzito baada ya hapo na chumba ni cha kulala, utoe, uhamishie chumba cha mazoezi au cha kufulia.

Mguu wa kabati umeacha bonde kwenye vinili: ondoa mzigo, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa. Bonde la kina kidogo hupanda. Lisipopanda, badilisha kipande kwa mojawapo ya yale mabaki uliyoyatunza, na safari hii weka kibao kipana chini ya mguu wa kabati.